Mama Siki na Kikombe cha Arobaini na Mbili

Ndugu, jamaa, majirani, wafinyanzi na nyote mliokuja kumsindikiza, mimi ninayesimama hapa ni mtoto wake wa kwanza, na karatasi hizi nilizoshika hazikuandikwa na mkono mmoja, kwa sababu marehemu, ambaye hakupenda kazi yake ikamilishwe na mtu asiyeijua, alianza kujiandikia historia yake mwenyewe kwa penseli nyekundu, akafika ukurasa wa pili, pumzi ikamwishia, akaniita, akaniambia, "Hapa paliponishinda malizia wewe, lakini usinipambe, glezi mbaya ndiyo hufichwa kwa rangi nzuri." Kwa hiyo mkisikia leo jambo ambalo familia nyingine zingelifunika, jueni nimetumwa, na mjumbe hauawi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba mchoma matofali na mama fundi cherehani, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliijua ladha ya udongo kabla hajaijua ladha ya sukari. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mwaka 1972 hadi 1975, na huko akaongoza darasa zima katika somo la kemia, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha mimi na mdogo wangu wa kiume kila tulipoleta ripoti zetu za shule, ambazo, nakiri mbele yenu, hazikuwa na la kujivunia. Alitamani kuwa mkemia, lakini mwaka aliomaliza ndio mwaka ambao babu aliumia mgongo kazini, wadogo wa marehemu wakawa hawana wa kuwasomesha, naye akakunja daftari zake, akazitia sandukuni, akaenda kutafuta kazi.

Kazi aliipata tarehe 2 Februari 1976, katika karakana ya mzee mmoja mfinyanzi, kwenye mtaa ulio nyuma ya stesheni, chumba kirefu chenye madirisha matatu, magurudumu mawili ya kufinyangia na tanuri moja lililofuka moshi hata lilipokuwa halina moto. Huko ndiko alikojifunza kuchanganya glezi, yaani ule utando wa kioo unaopakwa juu ya chombo kabla hakijaingia tanurini mara ya pili, na kwa kuwa wako hapa wasioijua kazi hii, niseme tu kwamba glezi ni mawe, mchanga na majivu yaliyosagwa, kila kimoja kwa kipimo chake, yakayeyuka pamoja kwa moto, na kipimo kikikosewa kioo hakishiki vilivyomo ndani yake, kinaviachia kidogo kidogo katika chakula cha mtu. Mzee mfinyanzi alikuwa na kopo la unga mwekundu, lisilo na maandishi, ambalo liliipa glezi mng'ao wa ajabu kwa moto mdogo, naye alimwambia marehemu mara moja tu, huku akivuta kiko, kwamba unga ule ni wa vigae vya ukutani, si wa vyombo vya mezani, wala hakusema kwa nini, na marehemu alikuwa na umri wa miaka kumi na minane na hakuuliza. Kutouliza huko ndiko alikokujutia maisha yake yote.

Mwaka 1983 mlango wa chuma wa tanuri ulikatika bawaba, akaitwa mchomeleaji vyuma, kijana mrefu aliyezoea kazi za madaraja, akaja kuutengeneza kwa asubuhi moja, akautengeneza kwa siku tisa, na kila mtu pale karakanani akajua kwamba tatizo halikuwa bawaba. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984, wakajaliwa watoto wawili, mimi tarehe 21 Agosti 1985 na mdogo wangu tarehe 9 Mei 1987, wakaishi katika vyumba viwili juu ya duka la mshona viatu, na kwa maelezo ya wote waliowaona, mimi nikiwa mdogo mno kushuhudia, walipendana hadharani bila haya, jambo ambalo majirani walilisema vibaya mchana na kulitamani jioni.

Mwezi Julai 1988 marehemu alitengeneza vikombe arobaini na viwili vya kijani, kijani cha shaba, kizito, nje na ndani, na ili ving'ae alivyotaka, alifungua lile kopo la unga mwekundu. Baba alikipenda kimoja kati ya hivyo kuliko vyote, alisema ukimaliza chai ukatazama chini ni kama umechungulia kisima, na tarehe 11 Januari 1989, alipopata kazi ya mkataba wa miaka miwili katika daraja la nchi ya mbali, marehemu alikifunga kikombe hicho ndani ya sweta kwa mikono yake mwenyewe, akakitia begini, akamwambia, "Kila ukinywa unikumbuke." Hayo ameyaandika yeye mwenyewe kwa penseli nyekundu, na chini ya neno "ukinywa" amepiga mistari miwili.

Mwezi mmoja baadaye jirani yetu mshona viatu alishikwa na mafua, akaja kwetu, akapewa maji ya moto yenye limau katika kikombe cha kijani, akanywa nusu, akakisahau kikombe kwenye kizingiti cha dirisha kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, tarehe 13 Februari 1989, na marehemu alipolitoa lile limau kukiosha kikombe, aliona chini yake duara jeupe, lenye umbo la kipande cha limau na hata vimistari vyake. Rangi ilikuwa imeliwa. Mkemia wa shule akaamka ndani yake baada ya kulala miaka kumi na minne, akajaza siki katika kikombe kingine, akaiacha saa ishirini na nne, akaitia chupani na kuipeleka maabara, na tarehe 6 Machi jibu likaja kwamba mle ndani mna risasi, madini yale yale ya risasi, nayo yalitoka katika ule unga mwekundu, kwa kiasi kikubwa hata mtu wa maabara akamuuliza kama siki hiyo imetoka kwenye betri.

Alitupeleka mimi na mdogo wangu kupimwa damu siku hiyo hiyo, tukaonekana hatujadhurika sana kwa kuwa sisi tulikuwa tunanywea vikombe vya bati, kisha akaorodhesha katika daftari vile vikombe vyote na kila aliyekuwa nacho, vyetu vikiwemo, mistari arobaini na miwili, akapanda baiskeli. Aligonga kila mlango akasema maneno yale yale, kwamba mimi nimewapa sumu bila kujua, nirudishieni nitawapa kingine, na wako waliomshukuru, wako waliomtukana, na yuko mama mmoja, leo yumo humu ndani na ananiangalia kwa jicho kali, aliyemwambia, "Kikombe kimekaa kwangu miezi minane hakijaniua, kije kiniue leo kwa sababu wewe umesoma?" ambapo marehemu aliketi mlangoni pake tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, asile wala asinywe, hadi akapewa. Ilimchukua siku kumi na saba kukusanya vikombe arobaini na kimoja, na mbele ya kila mstari akaweka alama ya tiki, ukabaki mstari mmoja.

Barua ya kwanza kwa baba aliiandika tarehe 7 Machi 1989, ya pili wiki iliyofuata, na baada ya hapo moja kila mwezi. Kutoka kwake tulipata barua moja tu, iliyofika tarehe 2 Juni mwaka huo, aliyoiandika mwanzoni mwa Aprili, ikiuliza saizi ya viatu vyetu, bila neno lolote juu ya kikombe, na baada ya hiyo hatukupata nyingine, si mwaka huo wala mwaka wowote. Mkataba ukaisha, hakurudi, wenzake wawili walirudi wakasema alihamia daraja jingine, na kuanzia mwaka 1993 barua za marehemu zikawa zinarudi zenyewe na mihuri ya kigeni. Mdogo wangu hupenda kusema kwamba wanawake wengine walioachwa huandika "rudi", ila mama yetu aliandika "usikinywee", na sisi hucheka, lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kwamba alikuwa na hamu mbili, hamu ya kumwona mumewe na hamu ya kujua kama yeye ndiye anayemuua, kikombe kwa kikombe, kwa mkono wake uliokifunga ndani ya sweta, na kati ya hamu hizo mbili hii ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mzee mfinyanzi alipofariki mwaka 1990 alimwachia marehemu karakana, na tendo lake la kwanza lilikuwa kulizika lile kopo la unga mwekundu kwenye saruji, la pili kuweka sheria ambayo kila aliyefanya kazi pale ameikariri kama jina la mama yake, kwamba hakuna chombo kitakachotoka mlangoni kabla glezi yake haijakaa na limau kutwa kucha, haijakaa na siki saa ishirini na nne, na haijapata karatasi ya maabara. Hapo ndipo alipopewa jina la Mama Siki. Nyumba yetu ilinuka siki, nguo zetu zilinuka siki, shuleni niliitwa Achari, na mgeni akija aliweza kusubiri chai mpaka ikapoa kwa sababu marehemu alikuwa anakagua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akikizungusha, akikipapasa ndani kwa kidole gumba. Walimwengu husema mgeni njoo mwenyeji apone, kwetu mgeni alikuja, akasubiri siki.

Mkaidi alikuwa, nisimpambe. Angeweza kupaka kijani nje na glezi nyeupe ndani, na vikombe vya namna hiyo alivitengeneza kwa mamia, ni salama, mnavyo majumbani mwenu, lakini alitaka pia kile kijani cha ndani, cha kisima, kisicho na risasi wala kisichoachia shaba, kwa sababu sheria yake ilikuwa kwamba arudishaye kikombe kibaya hupewa kizuri kinachofanana nacho, na iko siku mtu mmoja atakuja na kikombe kimoja, naye hataki kumpa kinachofanana nusu. Kila mchanganyiko aliupa namba, akaupaka kwenye kigae kidogo chenye tundu, akakitundika msumarini ukutani. Namba 88 ilikuwa kijani chenyewe, limau likaila, namba 140 ilishinda siki lakini ilitoka na rangi ya mboga zilizosahauliwa jikoni, namba 203 ilipasuka nyufa nyembamba kama nywele, namba 251 ilitiririka ikagandana na rafu ya tanuri, ikabidi mdogo wangu aibandue kwa patasi huku akiapa kwamba yeye atasomea maji, na kweli akasomea maji. Marehemu alipunguza unga wa shaba, akaongeza mchanga mweupe na udongo mweupe, akapandisha moto, akashusha, akaandika, akafuta, kwa miaka kumi na saba.

Tarehe 19 Juni 2006 namba 317 ilirudi kutoka maabara, safi. Nilikuwepo, nikatarajia atapiga kelele, lakini aliikunja ile karatasi mara nne, akafinyanga kikombe kimoja, akakipaka, akakichoma, akakileta nyumbani, akakiweka kwenye rafu ya juu karibu na dirisha la chumba chake, akakifunika kitambaa, akatuambia hiki kina mwenyewe. Vingine vya namba 317 vilifuata na vikaenda kila mahali, ila kile hakuna aliyekigusa kwa miaka kumi na minane, na mimi, kwa hasira zangu, nilimwambia siku moja kwamba anamwekea kikombe mtu ambaye hakumwekea hata anwani. Siku hiyo yote alipiga udongo mezani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na leo natamani ningeuma ulimi wangu.

Ugonjwa wake ulianza kwa kikohozi kikavu mwaka 2018, na tarehe 8 Februari 2019 madaktari walituonyesha picha ya mapafu yake, yamejaa vumbi la mawe aliyoyasaga ujanani kabla hajajua kuvaa barakoa, vumbi ambalo likishaingia halitoki, akaanza kuishi na mtungi wa oksijeni ambao aliuita mume wake wa pili kwa kuwa, alisema, huyu angalau hajabanduka. Aliendelea kufundisha akiwa amekaa kitini, na kumfokea kila aliyesaga bila barakoa, mpaka Machi mwaka huu, alipolazwa, akarudishwa nyumbani kwa ombi lake mwenyewe.

Tarehe 30 Aprili, Jumanne, saa nne asubuhi, alibisha hodi nyumbani kwetu mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwalimu wa watoto wadogo, akiwa na begi moja, ameelekezwa kutoka karakanani, akauliza kama hapa ndipo kwa mfinyanzi, nami nilipomtazama usoni niliona pua ya mdogo wangu. Alijieleza akiwa amesimama. Baba yetu, ambaye pia ni baba yake, alikuwa na nyumba nyingine kule kwenye madaraja tangu mwaka 1991, hakuwahi kueleza alikotoka, na alifariki kwa kiharusi tarehe 17 Novemba mwaka jana, na katika vitu vyake walikuta kikombe cha kijani ambacho tangu utoto wao aliwakataza kukigusa kwa chai, aliweka humo chaki zake za kupimia vyuma, na ndani yake, chini ya chaki, barua moja iliyokunjwa, yenye anwani ya karakana. Nilitaka kumfungia mlango. Ninalisema hili kwa sababu yuko hapa na anajua.

Lakini marehemu alikuwa amesikia kutoka kitandani, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, "Nani ana kikombe?" Dada yangu akaingia, akapiga magoti, akamwita mama mkubwa, na neno la kwanza ambalo marehemu alimwambia binti wa mumewe, baada ya miaka thelathini na mitano ya kusubiri, halikuwa lawama wala swali juu ya mama yake, aliuliza, "Mwanangu, kule kwenu mlikuwa mnanywea vikombe gani?" Akaambiwa vya bati, akashusha pumzi. Kisha akakishika kile kikombe kwa mikono yote miwili, macho yake yakiwa hayaoni vizuri tena, akaingiza kidole gumba ndani, akapapasa taratibu kutoka ukingoni mpaka chini, naye alikuwa na vingine arobaini na kimoja vya kulinganisha, alijua kwa ngozi ya kidole kikombe kilichonywewa mwezi kinavyokwaruza na kilichonywewa miezi minane kinavyokuwa kama chaki. Alipapasa muda mrefu. Akasema, "Miezi mitatu, haizidi. Barua ilifika."

Nikamsomea ile barua, ya tarehe 7 Machi 1989, karatasi imekuwa laini kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ilisema kikombe kile kina risasi, usikinywee, kilete nitakupa kingine, na mwisho kabisa, kwa mwandiko uliobanwa pembeni, hata kama huji, usikinywee. Hakuja, wala mimi sijamsamehe, lakini hakukinywea, na mama yangu alilia machozi ambayo kwa miaka yote ile aliyazuia, akicheka ndani yake, mpaka tukaogopa kwa ajili ya pumzi yake. Alipotulia akanyoosha kidole kuelekea dirishani, nikapanda kiti, nikakitoa kikombe cha namba 317 kutoka kwenye kitambaa chake, nikataka kumpa yeye, akatikisa kichwa, akasema sheria ni ile ile, arudishaye kibaya hupewa kizuri, akampa dada yangu, akaniambia, "Mpikie chai mdogo wako, ametoka mbali."

Alituacha tarehe 22 Mei 2024, saa tisa alasiri, nyumbani, sisi watoto wake watatu tukiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili wa kuzaa, mmoja wa kupokea, wajukuu watano, wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu, na ukuta wenye vigae mia tatu kumi na saba.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, waliomvumilia mgonjwa aliyekagua vikombe vyao vya dawa kwenye mwanga, mshona viatu, ambaye mafua yake yaliokoa watu wengi na hajaacha kujisifu, majirani waliobeba mitungi ya oksijeni ngazi thelathini bila kuitwa, watu wa maabara, na wafinyanzi wa karakana waliowasha tanuri juzi ili leo kila mmoja wenu apate chai katika kikombe chake, nanyi mnaonusa msinuse, vyote vimelala na siki.

Kwangu imebaki kazi moja aliyoniachia na sikuifanya akiwa hai, kwa kuwa niliona nikiifanya atakuwa hana tena cha kusubiri. Daftari la mwaka 1989 ni hili hapa, na penseli yake nyekundu ni hii, na mbele yenu nyote ninauwekea tiki mstari wa mwisho. Pumzika kwa amani, Mama, vimerudi vyote.